Chumba cha kulala chenye hublo, dirisha la kona na klostra (Bukavu): tuzuie vipi jua la asubuhi bila kuziba hewa?

Muuguzi_Nguba

Jambo kwenu wote, wakubwa na wadogo.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Narudi nyumbani asubuhi wakati watoto wa majirani wanashuka kwenda masomo, kwa hiyo usingizi wangu wote ni wa mchana. Tumepanga nyumba ya zamani huku Nguba, zile zilizojengwa enzi mji ukiitwa Costermansville: kuta nene, pembe zilizoviringwa, baraza la nusu duara. Naipenda nyumba hii na sitaki kuhama. Kinachonitesa ni chumba cha kulala. Kinatazama mashariki moja kwa moja, upande wa mto Ruzizi na vilima vya Rwanda, na hakina hata dirisha moja la mstatili wa kawaida.

Ukutani kuna hublo mbili, yaani madirisha madogo ya mviringo, upana wake unakaribia sentimita 60. Moja haifunguki, nyingine inazunguka kwenye mhimili wa katikati. Halafu kuna dirisha la kona: kioo kinaanza ukuta wa mashariki, kinapinda, kinaendelea ukuta wa kaskazini unaotazama ziwa, na katikati kuna nguzo nyembamba ya chuma tu. Juu ya kabati kuna mstari wa klostra, yale matofali ya matundu, hayana kioo, yana wavu wa mbu peke yake.

Rido (mapazia) ninazo na ni nzito, lakini mwanga unapita pembeni na juu, na kwenye hublo hakuna hata pa kuitundika. Mwenye nyumba amekataa tutoboe kuta wala tupake vioo rangi. Namwelewa kabisa, vioo vya namna ile ukivunja leo hupati vingine. Ninachotaka ni giza la kweli mpaka saa nane mchana, na hewa ipite. Klostra ndizo zinazofanya chumba kisinuke unyevu wakati wa mvua, siwezi kuziziba kwa matambara.

Nani amekaa nyumba za namna hii? Mlifanyaje?

Fundi_Mbao_Kadutu

Mama muuguzi, pole na kazi ya usiku.

Nimefanya kazi kwenye nyumba hizo, Nguba, Muhumba, hata La Botte, na hublo nazijua. Usihangaike na rido kwenye hublo. Tengeneza kizibo cha duara kinachoingia ndani ya tundu lenyewe. Ukuta wako ni mnene, maana yake mbele ya kioo kuna nafasi ya kutosha kukaa kizibo bila kugusa kioo, na hakuna hata msumari mmoja utakaopigwa.

Jambo la kwanza ni kipimo, na hapa ndipo watu wanaharibu mbao. Duara la zege la zamani si duara kamili. Kalibu zilikuwa za mbao, na lipu imerudiwa mara nyingi tangu hapo. Pima wima, pima mlalo, halafu pima mishazari yote miwili. Utakuta tofauti ya sentimita moja au mbili. Kwa hiyo usichore kwa bikari. Chukua karatasi kubwa (magazeti mawili yaliyogundishwa yanatosha), ibandike juu ya tundu kwa skochi (utepe wa gundi), kisha sugua ukingo kwa kipande cha makala, yaani makaa. Ukingo utajichora wenyewe, na michubuko yake yote. Kabla hujaibandua andika JUU upande wa juu na NDANI upande unaokutazama wewe. Duara lisilo kamili ukiligeuza haliingii, na nimeona mtu akimlaumu fundi kumbe kigezo kiligeuzwa.

Hublo mbili, vigezo viwili. Hata kama zinaonekana pacha.

Hamisha kigezo kwenye tripleksi (ubao mwembamba wa tabaka) ya milimita 4 au 6, kisha ukate ndani ya mstari, sentimita moja pande zote. Kwenye ukingo gundisha mkanda wa sponji wenye unene wa sentimita 2. Ukikisukuma kizibo, sponji inabanwa mpaka sentimita moja, na kule kubanwa ndiko kunakoshika. Sponji ya godoro inafaa lakini inanyonya unyevu. Bora ile ngumu inayokuja na friji au televisheni ndani ya karto. Ile matundu yake yamefungwa, maji hayaingii. Angalizo: ikiwa nyeupe, inapitisha mwanga. Watu hawaamini mpaka waone duara zima linang'aa kuzunguka kizibo. Ivishe kitambaa cheusi kwanza.

Uso unaotazama kioo upake nyeupe, urudishe jua nje. Uso wa chumbani vaa kitenge unachopenda. Katikati funga mkanda wa ngozi wa kuvutia, kwa sababu kizibo kilichobanwa vizuri hakitoki kwa kucha.

Mzee_Bagira

Wanangu, mimi sipingi mbao za fundi, lakini napinga wazo. Sisi tulilelewa tukiamshwa na jua. Mwanga wa asubuhi unampa mtu nguvu, na nyumba isiyoingia jua ni nyumba ya kikohozi. Mama huyu aache dirisha lake wazi, mwili utazoea. Au ahamie chumba cha upande wa magharibi.

Muuguzi_Nguba

Mzee wangu, nakusikia, na nyumba yenyewe naipatia jua kila siku: mchana nikiamka madirisha yote yanafunguliwa. Chumba cha magharibi wanalala watoto, na kiko karibu na jikoni, kelele zake haziniruhusu hata kusinzia.

Kuhusu mwili kuzoea: hospitalini nahesabu dozi za watoto wachanga saa tisa za usiku. Sitaki kufika pale nikiwa nimelala saa mbili tu.

Mwalimu_wa_Fizikia

Mzee wetu wa Bagira, heshima kwako. Ulichosema ni kweli kwa mtu aliyelala usiku. Kwake jua la asubuhi ni dawa. Kwa huyu mama ni kinyume, na sababu inajulikana. Ndani ya jicho, zaidi ya chembe zinazotuonyesha vitu, kuna chembe nyingine ambazo kazi yake ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Zinaitikia zaidi mwanga wa bluu, wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 480, na anga la asubuhi limejaa mwanga huo. Zikiupata, ubongo unapunguza melatonini, ile homoni ya usingizi, na kuuambia mwili siku imeanza. Kope likifungwa linapunguza mwanga, lakini halizuii wote. Namna saa ya ndani ya mwili inavyoendeshwa na jeni ndiyo iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Mama muuguzi akilala kwenye giza saa tatu asubuhi anaupa mwili wake usiku ambao kazi imemnyang'anya.

Sasa tuje kwenye jua lenyewe, kwa sababu nikiona watu wanaongeza vipenu nje ya nyumba zinazotazama mashariki nahuzunika kwa pesa zao.

Bukavu iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kwa mwaka mzima jua letu linachomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika 20 na saa kumi na mbili na dakika 12 hivi, hesabu ya upeo tambarare. Milima inalichelewesha kidogo. Linapanda karibu wima: nyuzi 15 kwa saa. Saa moja liko nyuzi 15 juu ya upeo, saa mbili nyuzi 30, saa tatu nyuzi 45. Chukua kipenu cha mita 1 juu ya dirisha. Saa tatu kinatoa kivuli cha mita 1 kwenda chini, dirisha limepona. Lakini saa moja kivuli chake ni sentimita 27 tu. Yaani saa ile unayoingia kitandani, kipenu hakina kazi. Jua la chini linazuiwa na kitu kilichosimama wima: mti, ubao wa nje wa dirisha, au kizibo kama cha Papa fundi.

Pia jua halichomozi mahali pamoja. Mwezi wa sita linatokea nyuzi 23 na nusu kaskazini ya mashariki kamili, na mwezi wa kumi na mbili linatokea nyuzi hizo hizo upande wa kusini. Kwa hiyo kile kioo chako cha kaskazini kitapigwa na jua la asubuhi kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba. Ukijaribu rido zako Desemba na kuona zinatosha, usishangae Juni ikikuletea mstari wa mwanga usoni.

Na kuna ziwa. Maji yaliyotulia, jua likiwa utosini, yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga. Jua likiwa chini, nyuzi 10 hivi, yanarudisha zaidi ya theluthi. Mwanga huo unapanda kutoka chini, unapita juu ya fimbo ya rido na kutua kwenye dari, halafu dari nyeupe inaumwaga chumba kizima. Wengi wanaongeza upana wa rido wakati tatizo liko juu.

Jua kali linafika lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwangaza). Ukizuia sehemu 999 kati ya 1,000, bado zinabaki lux 100, ambazo ni sawa na kuwasha taa sebuleni. Ndiyo maana nyufa ndogo zina maana. Kabla ya kununua chochote, funga kila kitu saa sita mchana, kaa humo ndani dakika kumi macho yazoee, kisha pita na chaki ukiweka alama kila unapoona mwanga.

Mama_Mapacha

Dada muuguzi, mimi niko Muhungu, chumba cha wanangu kina dirisha la pembetatu chini ya paa. Nakuelewa kabisa, mapacha wakiamka saa kumi na moja na nusu hakuna anayelala tena.

Nizungumzie kitambaa, hao wanaume wamemaliza mbao na hesabu.

Kitenge kimoja, hata kizito, hakizuii jua. Nashona tabaka tatu: kitenge kinachotazama chumba, pamba nyeusi iliyosokotwa kwa kubana katikati, na kitambaa cheupe kinachotazama kioo. Ukienda soko la Kadutu kuchagua kile cheusi, beba simu. Washa tochi, iweke nyuma ya kitambaa kilichokunjwa mara moja. Ukiona nukta ya taa, rudisha. Muuzaji atakwambia ni kizito; uzito si giza. Na mshonaji mwambie asipitishe mishono katikati kwa ajili ya urembo. Kila tundu la sindano kwenye jua la asubuhi linakuwa nyota. Mishono yote ibaki kingoni.

Kitambaa kizidi dirisha sentimita 15 kila upande, na zaidi juu. Kwenye pembetatu yangu sikutumia fimbo kabisa. Nimeshona kitambaa chenye umbo lile lile, kikubwa kidogo, kinashikwa kwa velkro kwenye fremu ya chuma. Chuma kifutwe na alkoli kwanza, halafu velkro inashika hata wakati wa mvua. Kwenye lipu usijaribu, inabanduka na kuondoka na rangi ya mwenye nyumba.

Dirisha lako la kona ndilo gumu zaidi, na nimeona watu wengi wakilikosea: wanaweka fimbo mbili zilizonyooka, moja kila ukuta, na pale zinapokutana panabaki ufa kutoka juu mpaka chini. Mwendee ajusta (fundi wa chuma) akupindie bomba jembamba liwe moja, lipite kona bila kukatika, na ncha zake mbili zirudi nyuma mpaka ziguse ukuta. Rido inazunguka yote. Kwa kuwa huruhusiwi kutoboa, alichomee miguu, isimame sakafuni yenyewe, miguu ya pembeni ipite nyuma ya kitanda isikukwaze. Juu aweke ubao mlalo unaofunika kuanzia bomba hadi ukutani. Huo ndio utakaozuia mwanga wa ziwa anaousema Mwalimu.

Muuguzi_Nguba

Mama Mapacha, Mungu akubariki, hilo la miguu sikulifikiria. Papa fundi, Mwalimu, asanteni sana.

Sasa klostra. Zinabaki kunitia hofu kuliko zote. Nikizifunika kwa kitambaa hewa inakufa, nikiziacha jua linaingia kwa vijimstari vinavyotembea kitandani saa nzima. Hublo inayofunguka itakuwa na kizibo, kwa hiyo hewa ya mchana itategemea klostra peke yake.

Mpigapicha_Ibanda

Dada, swali lako nalijua tangu nikiwa kijana nikisafisha filamu. Chumba cha giza cha mpigapicha kinahitaji vitu viwili ambavyo watu hudhani havikai pamoja: giza kamili, kwa sababu mwanga kidogo unaunguza karatasi yote, na hewa nyingi, kwa sababu dawa zinanuka na zinachoma koo. Tulikuwa tunapata vyote viwili kwa sababu mwanga unakwenda moja kwa moja na hewa inakubali kukata kona.

Mwambie fundi akutengenezee sanduku la tripleksi lisilo na mgongo, refu kufunika mstari wote wa klostra, kina chake sentimita 20 hivi. Una bahati kwamba kabati liko chini yake, sanduku litakaa juu ya kabati na kuegemea ukuta, hakuna kutoboa. Ndani yake ziwekwe mbao mbili zilizosimama, sambamba na ukuta. Ya kwanza, iliyo karibu na klostra, ishuke kutoka juu na iache nafasi chini. Ya pili ipande kutoka chini na iache nafasi juu. Uso wa mbele wa sanduku, unaotazama chumba, nao uache nafasi chini. Hewa inaingia, inashuka, inapanda, inashuka tena, inatoka. Mwanga ukigonga ubao wa kwanza unataka kurudi ulikotoka.

Unataka, lakini haurudi wote, na hapa watu wengi wanakwama. Mbao za ndani zikiwa za rangi ya mti au nyeupe, mwanga unaruka kutoka ubao hadi ubao na kufika kitandani. Paka ndani yote rangi nyeusi isiyong'aa. Nyeusi ya kung'aa haifai, inarudisha mwanga kama kioo. Tulipokosa rangi tulichanganya masizi na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tukapaka mara mbili. Inakauka nyeusi kabisa.

Halafu kipimo cha njia. Hesabu matundu ya klostra, pima eneo la moja, zidisha. Njia ya hewa ndani ya sanduku isiwe ndogo kuliko jumla hiyo mahali popote. Mfano, sanduku la urefu wa sentimita 120 lenye nafasi ya sentimita 5 kati ya mbao linatoa njia ya sentimita za mraba 600. Matundu yako yakijumlika zaidi ya hapo, ongeza nafasi ziwe 6 au 7 na sanduku liwe na kina zaidi. Wavu wa mbu ubaki palepale kwenye klostra.

Na kumbuka hewa inayoingia inahitaji pa kutokea. Usizibe chini ya mlango kwa matambara. Kama korido ina mwanga, tundika pazia fupi upande wa korido, umbali wa kiganja kutoka mlangoni. Kanuni ni ile ile.

Kijana_wa_Birere

Niko Goma, nimesoma kimya mpaka hapa, lakini lazima niseme kitu.

Wote mnaosoma uzi huu na kwenda kuziba vyumba: msiingize mbabula, yaani jiko la makala, chumbani. Bukavu na huku kwetu usiku ni baridi, mtu anaingiza makala yaliyobaki baada ya kupika ili chumba kipate joto. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha yanatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Kwetu Goma watu wanaijua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, wakaona hatari ya gesi ni ya bondeni tu. Hii ya mbabula unaileta mwenyewe ndani, na chumba kilichozibwa kila ufa ndicho inachokitafuta. Hata makala yanayoonekana yamekufa, yenye majivu juu, bado yanatoa.

Sanduku la huyu mzee mpigapicha ni zuri kwa sababu linaacha hewa. Lakini hata ukiwa nalo, mbabula ibaki nje.

Mpigapicha_Ibanda

Kijana amesema kweli tupu. Nashukuru ameandika.

Mwana_Kamalondo

Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi huku hatuna ziwa, lakini mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua haijakaa sawa, jua linatoka mapema kabla hata ya saa kumi na mbili na joto linaanza nalo. Nataka kuwaambia kuhusu karatasi ya aluminiamu, sababu najua mtu atakuja kuipendekeza.

Usiibandike moja kwa moja kwenye kioo cha zamani kwa ndani. Jua linapita kioo, linarudishwa na karatasi, linapita tena, na kioo kinapata joto pale palipofunikwa huku ukingo uliozama kwenye fremu ya chuma ukiwa bado wa baridi. Kioo cha zamani, kilichoshikwa kwa mastiki (gundi nzito ya vioo) iliyokauka, kinapasuka. Ikiwa lazima utumie, ibandike kwenye karto au kwenye kizibo, na uache vidole vitatu vya nafasi mpaka kioo. Kama unaweza kuzuia jua kwa nje, hiyo ndiyo bora kuliko zote kwa joto, kwa sababu linazuiwa kabla halijaingia nyumbani. Mwembe wa jirani umenisaidia kuliko rido zangu.

Dirisha langu ni la nusu mwezi, juu ya mlango wa baraza. Ajusta alipinda nondo ya milimita 8 ikafuata upinde wa juu, na nyingine fupi ikanyooka chini. Kitambaa kinakusanywa katikati ya chini na kutawanyika kuelekea upinde. Siri iko kwenye urefu: kipime upinde, si upana. Nusu duara lenye upana wa mita 1 lina upinde wa sentimita 157, na mikunjo inataka mara mbili yake, kwa hiyo kata zaidi kidogo ya mita 3. Ukikata mita 1 na nusu kitambaa kinanyooka na mwanga unapita kila mkunjo ulipokosekana.

Mzee_Bagira

Mwalimu amenifafanulia, na mama huyu amenijibu kwa adabu. Nimeelewa kwamba usiku wake ni mchana wetu. Basi fundi, msaidie mama, na usimkate pesa nyingi. Huyu ndiye atakayetupima presha sisi wazee.

Muuguzi_Nguba

Narudi kuwapa habari, kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Vizibo vya hublo viko tayari, vimekatwa kwa vigezo vya magazeti na makala. Zile hublo nilizoziita pacha zimetofautiana karibu sentimita mbili. Kizibo cha kwanza hakiingii tundu la pili hata ukisukuma. Nimeandika nambari nyuma ya kila kimoja. Sponji ni ya karto la friji, imevishwa kitambaa cheusi, na ukuta umebaki kama ulivyokuwa. Mwenye nyumba amekuja kuangalia akaridhika.

Sanduku la klostra ndilo limenifurahisha zaidi. Ukiweka mkono chini ya uso wake wa mbele unahisi hewa ikitoka, ya baridi, na ukiinama kutazama juu huoni kitu. Tulipaka masizi na gundi mara tatu, kwa kuwa mara mbili bado tuliona kivuli cha kahawia kwenye ubao wa kati.

Dirisha la kona, stendi imechomewa na rido ya tabaka tatu imeshonwa. Pembeni na pale kwenye kona ni giza. Juu bado kuna mstari mwembamba kati ya ubao mlalo na ukuta, kwa sababu ukuta wenyewe umeviringwa na ubao umenyooka. Kwenye ncha mbili ubao unagusa, katikati unaacha kama sentimita moja na nusu. Nalala mpaka saa saba sasa, lakini mstari ule unafika darini kila asubuhi ziwa likiwa limetulia. Papa fundi, tunaumaliza vipi?

Fundi_Mbao_Kadutu

Mama, hilo ni jepesi. Usikate ubao mpya. Chukua karto, iweke juu ya ubao ikigusa ukuta, shika kalamu pamoja na kipande cha mti cha upana wa sentimita 2, utembeze mti ukigusa ukuta na kalamu ichore kwenye karto. Mstari utakaopata ndio mviringo wa ukuta wako. Kata karto kwa mstari huo, ihamishie kwenye tripleksi, kisha ipige misumari midogo juu ya ubao wa zamani ikijitokeza mpaka ukutani. Ukingo uvishe sponji nyembamba, na kitambaa cheusi juu ya sponji, umeshajua kwa nini.

Mambo mengine matatu kabla sijasahau. Vizibo vitolewe kila siku ukiamka, visimamishwe ukutani mahali penye hewa, hasa kuanzia Septemba mpaka Mei wakati wa mvua. Vikikaa kwenye tundu mchana na usiku, maji yatajikusanya kwenye kioo na ukungu mweusi utaingia kwenye kitambaa. Mkanda wa kuvutia uwe mrefu kiasi kwamba hata mtoto mkubwa anaweza kukitoa bila kukuita. Na stendi ya dirisha la kona isifungwe kwa waya wala kamba. Dirisha lile ndilo pekee chumbani mwako mtu anaweza kupita ikitokea moto, basi stendi iweze kusukumwa pembeni kwa mkono mmoja.

Tripleksi iliyobaki usiitupe. Nyumba nyingi za Nguba zina hublo ya tatu bafuni. Pima kwanza.